Mchagua Picha wa Viwanja Sitini

Kama ulikuwa na deki ya video nyumbani kwako Ifakara miaka ile ya tisini, basi Bibi Aurelia ulimjua. Hukuwa na pa kumkwepea. Kanda za video za kukodisha zilikuwa kwa mwanawe Donati, mtaa wa Viwanja Sitini, chumba cha mbele cha nyumba yao, na bibi mwenyewe ndiye aliyekaa mlangoni juu ya kigoda, miguu kainyoosha, anakudaka kabla hujavuka kizingiti.

"Unataka ya kukimbia, ya ngumi, au ya kutisha?"

Ole wako useme unataka ya mapenzi. Alikutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akafyonza, akageukia upande wa pili kama vile hukuja.

Usidhani bibi huyu alijua Kiingereza. Alijulia wapi? Alizaliwa Mofu, akakulia kwenye majaruba ya mpunga na mitego ya samaki, akaolewa hukohuko, akafiwa na mume hukohuko, na mjini aliingia baada ya Donati kumbembeleza sana. Lakini picha alizipenda, acha kabisa! Kila kanda mpya ilipofika kutoka Morogoro, Donati aliitazama kwanza na mama yake, mchana, mlango umefungwa, jenereta linanguruma uani, naye anamweleza mama kila kinachosemwa.

Na hapo ndipo palipokuwa na vituko, maana Kiingereza cha Donati nacho kilikuwa cha kuokotezaokoteza. Alipokwama hakukubali kwamba amekwama. Alijaza mwenyewe. Mji wa maghorofa akauita Dar es Salaam, jangwa akaliita Dodoma, na mto wenye mamba ukawa Kilombero yetu hii hii, tena kivukoni. Majambazi wakawa wezi wa ng'ombe. Bosi wao mwenye suti akawa mnunuzi wa mpunga anayechezea mizani. Na stelingi, yule shujaa wa picha, awe Mzungu, awe Mchina, kwa Donati alikuwa kijana wa Mofu anayetaka kurudi nyumbani kwa mama yake, ila kuna watu wanamzuia njiani.

Bibi Aurelia aliziamini zote. Na alivyoambiwa ndivyo alivyowauzia wateja.

Alikuwapo Msukuma mmoja wa kijiji cha Mbingu, Mashimba, mtu wa ng'ombe wengi, aliyenunua televisheni na deki akaziendesha kwa betri ya gari. Akaja siku moja kaegemeza baiskeli. "Shikamoo bibi. Leo unanipa ipi?" Bibi akamchagulia bila kufikiri. "Chukua hii hapa. Mtu kaibiwa ng'ombe, kafuata nyayo peke yake mpaka Mlimba, kawakuta wezi wamo kwenye treni. Alivyowapiga! Usiitazame ukiwa na njaa." Mashimba akaenda nayo Mbingu, akaita ndugu zake wote. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Bibi, picha ni nzuri, lakini ng'ombe sijawaona."

"Hukutazama vizuri," akasema Bibi Aurelia. "Uliwaacha watoto wakupigie kelele."

Mashimba akaikodi tena. Kandida, mke wa Donati, aliyekuwa anasikiliza kutoka ndani, alicheka mpaka akashika ukuta. Usiku alimwuliza mumewe kwa nini hamwambii mama ukweli. Donati akasema, "Ukweli gani? Hiyo ya kwangu ni nzuri zaidi." Na kwa kweli watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya hiyo ya kwake. Mwalimu anayejua Kiingereza vizuri kabisa alikodi kanda, akasimama mlangoni nusu saa nzima ili asimuliwe na bibi kwanza, ndipo akaondoka akiwa ameridhika.

Halafu Donati akafa. Homa ilimshika ghafla, ikampanda kichwani, na kabla watu wa Mofu hawajapata habari kwamba anaumwa wakapata habari kwamba hayupo. Nisirefushe, kifo cha mtu ambaye bado kijana hakina maelezo.

Makaburini, Lukelo fundi redio alifanya kazi yake. Lukelo alikuwa Mhehe, na kwa Wandamba kama akina Donati Mhehe ni mtani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Aliteremka kaburini akajilaza chali, akasema shimo hilo amelipenda, wamtafutie Donati lingine. Ilibidi apewe kuku ndipo atoke. Watu walicheka machozi yakiwatoka, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kilio kikiwa kitupu kinaua. Hata Kandida alicheka, akashangaa kwamba bado anaweza. Bibi Aurelia peke yake hakucheka wala hakulia. Alitazama udongo unavyoingia, na jeneza lilipofunikwa akasema polepole, "Donati aliniambia stelingi hafi."

Baada ya neno hilo akafunga mdomo. Walimrudisha nyumbani wamemshika mikono, wakamlaza chumba kile cha mbele kwenye mkeka, katikati ya makabati ya kanda, akageuka akatazama dari. Kuongea, hapana. Kula, hapana. Kandida alimpikia uji wa mchele, akamtilia karanga, akamshika kichwa kama mtoto mchanga. Uji uliingia kidogo ukatokea pembeni ya mdomo. Wakaja mabinti wa Mofu wakajaribu kwa samaki kitoga wa nazi. Akaja mama mmoja wa jumuiya ya kanisani akamwombea sana. Bibi alikuwa anawatazama wote hao kama watu wa mbali. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana ndani ya khanga, na wanawake wakaanza kunong'onezana uani yale maneno ambayo Kandida hakutaka kuyasikia, kwamba mama anamfuata mwanawe.

Kandida alikuwa amezika mume. Kumzika na huyu, juma moja baada ya lingine, hakuweza. Tena hakuwa anaogopa mzigo wa kilio. Alimpenda yule bibi. Mama yake mzazi alikufa akiwa mdogo, na huyu wa kwa mumewe ndiye aliyemfundisha kukaanga samaki bila kumvunja, ndiye aliyemtetea siku Donati alipokuja amelewa. Alikaa pembeni ya mkeka akiwaza nini kitamrudisha, na kila alipoinua macho aliona kitu kimoja: televisheni ya inchi kumi na nne, imefunikwa kaniki, na deki chini yake.

Lakini angeigusa vipi? Nyumba ya msiba haipigwi redio, seuze picha. Kasmiri, kaka mkubwa wa marehemu, aliifunika mwenyewe siku ya kwanza, akasema haitafunuliwa mpaka arobaini ipite. Kasmiri hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mdogo wake, na alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu siku ile. Ila aliwajua watu. Mjane akiwasha video mume hajakauka kaburini, Viwanja Sitini nzima itasema alikuwa anamngoja afe. Na jenereta halifichiki. Likiwaka pale, wanalisikia mpaka sokoni.

Lukelo alipokuja kutoa pole tena, Kandida alimfuata uani kwa kisingizio cha kumpa maji ya kunawa.

"Mtani, Mama anakufa," alisema. "Anakufa hivihivi tunamtazama."

"Nimeona," Lukelo akajibu. Hakuwa na utani usoni. Donati alikuwa rafiki yake, lile jenereta alilifufua yeye mara nyingi.

"Mtani anaweza kufanya jambo ambalo sisi hatuwezi."

Lukelo akamtazama vizuri. "Shemeji, mtani hatumwi. Mtani huja mwenyewe. Ukinituma, huo si utani tena, ni njama, na Kasmiri akijua atakurudisha kwenu Mbingu."

"Sijakutuma," Kandida akasema, anammiminia maji. "Nakwambia tu kwamba jenereta lina petroli."

Kesho yake jua likiwa utosini, wanaume wamekaa kivulini mwa turubai mbele ya nyumba, wanawake wako ndani na bibi, ghafla kukasikika uani: tu-tu-tu-tuuu! Kandida alikuwa akiungojea mlio huo tangu alfajiri. Jirani akatoa kichwa dirishani. Akina mama wawili waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama palepale. Kasmiri aliruka kutoka kwenye kiti.

"Nani huyo? Nani amewasha?"

Lukelo akatokea kona ya nyumba. Alikuwa amevaa shati la Donati lile la maua, na kofia ya Donati kaivuta mpaka kwenye nyusi, na anatembea kwa ule mwendo wa Donati wa kuburuza kiatu cha kushoto. Mzee mmoja akaguna, "Yesu na Maria."

"Mbona mmefunga duka langu?" akafoka Lukelo. "Nimesafiri kidogo tu nakuta watu wamejazana hapa wanakula wali wangu! Wateja wako wapi?"

"Lukelo!" Kasmiri sauti ilikuwa imepanda. "Nyumba hii ina msiba!"

"Ndiyo maana nimekuja. Usingekuwapo msiba, ningefuata nini kwa wala kambale?"

Wazee wakaangua kicheko. Kasmiri angefanya nini? Mtani hakasirikiwi, ukimkasirikia, umejivua nguo mbele za watu. Lakini macho hayakatazwi, na macho yake yaliingia mlangoni yakatua kwa Kandida.

"Kandida," akasema taratibu. "Huyu alijuaje kama lina petroli?"

Kandida akainama kumfunika bibi khanga.

"Tutazungumza," akasema Kasmiri.

Lukelo alishapita. Akaingia chumbani, akavuta kaniki kwenye televisheni, akaketi kwenye kiti cha Donati ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu kukikalia. Wanawake wakasogea ukutani. Akamwinamia Bibi Aurelia. "Haya mchagua picha, leo unatupa ipi?" Bibi alitazama dari. "Hutaki kusema? Basi nachagua mimi." Akatoa kanda ya Kihindi, ya mapenzi matupu, akaipachika. Msichana akaanza kuimba akizunguka mti, na kijana anamfuata nyuma kwa machozi.

Bibi Aurelia aligeuza uso akatazama ukuta.

Jamani, Kandida alitaka kupiga kigelegele! Tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza kugeuka mwenyewe. Lakini baada ya hapo hakuna kilichofuata. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, bibi yuko vilevile na mgongo wake. Nje sauti ya Kasmiri ilisikika ikiuliza mchezo huo utakwisha saa ngapi. Lukelo jasho lilianza kumtoka chini ya kofia. Akatoa kanda, akatafuta kabatini, akashika mfuko wa nailoni uliokuwa umefungwa bado.

"Na hii?"

Kandida aliitambua. Ilikuwa ile ya mwisho, aliyokuja nayo Donati kutoka Morogoro jioni aliyoanza kutetemeka kwa homa. Hakuna aliyewahi kuitazama. "Hiyo hakuwahi..." alianza kusema, akanyamaza. Lukelo alishaipachika.

Picha ikaanza na mtu anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, mkoba kifuani, wengine wako nyuma yake na bastola. Lukelo akakohoa, akaanza kueleza. Masikini Lukelo! Mikono yake ilikuwa hodari kwenye nyaya, lakini kusimulia hakujaliwa.

"Huyu mtu anakimbia," akasema. "Anaendelea kukimbia. Hawa nao wanakimbia. Wanasema simama. Hasimami." Akasogelea televisheni. "Bado anakimbia."

Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa khanga. Mwingine akaanza kutikisika mabega. Lukelo akaendelea tu kama anasoma matangazo kanisani. "Ameiba mkoba. Hapo ni Amerika. Sasa ameteremka barabarani, barabara ya Amerika."

"Amerika gani?"

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya bawaba ya mlango. Bibi Aurelia alikuwa ameshageuka, kajiinua kwa kiwiko, anaitazama televisheni kwa hasira.

"Hapo ni Dar. Kariakoo hapo. Huoni watu walivyojaa?"

Lukelo alikuwa mjanja. Hakushangilia, hakugeuka hata. "Bibi, ni Amerika. Mbona imeandikwa?"

"Imeandikwa na nani? Mhehe mla mbwa wewe, Dar utaijulia wapi? Na nani kakwambia ameiba? Mtu mwenye uso ule anaiba? Mkoba ni wake."

"Sasa ndani mna nini, mpaka wamfukuze hivyo?"

Kandida aliona bibi anatafuta. Hii hakusimuliwa, hakuna aliyekuwapo kumsimulia. Midomo yake ilicheza bila sauti, macho yamekaza kwenye kioo, na yalipotoka maneno, wote waliokuwamo mle walimsikia Donati ndani yake, ule mtindo wake wa kuvuta kila mwisho wa sentensi.

"Dawa," akasema. "Mna dawa ya mama yake. Mama yake yuko Mofu anaumwa, na dawa haipatikani mpaka Dar. Amekwenda kuichukua, sasa wale washenzi wanaitaka. Pita kushoto, mwanangu! Kushoto! Ee, hapohapo."

Yule mtu akapita kushoto. Wanawake wakashangilia. Alipanda gari, akaruka kutoka kwenye gari, akapiga watu watatu dukani kwa chupa, na kila alichofanya bibi alikuwa na maelezo yake. Muuza duka alikuwa mjomba wake. Polisi mnene alihongwa kwa gunia la mchele. Kandida alikuwa anacheka, halafu akaona kwamba bibi amekwisha kukaa kitako, peke yake, hakuna aliyemshika.

Ndipo mlio wa bastola ukalia, na yule mtu akaanguka chali barabarani, mkoba ukamtoka mkononi.

Damu ilikuwa inasambaa kwenye shati. Kandida aliruka kwenda kuzima, mkono umeshafika kwenye swichi.

"Usizime," akasema Bibi Aurelia.

Alimtazama yule mtu aliyelala. Akamtazama hasa. Kidevu kikaanza kumtetemeka, na kilio kikatoka ambacho alikuwa amekibana tangu makaburini. "Donati! Donati mwanangu! Ungenichukua mimi, mimi nimeshakula chumvi nyingi, kwa nini wewe?" Kandida alimkumbatia, wakaanguka pamoja mkekani, na wanawake wote mle ndani wakalia nao kwa sauti. Wanaume wakakimbilia mlangoni. Kasmiri alikuja wa kwanza, tayari kwa ugomvi, akamwona mama yake analia, mama yake ambaye alishakuwa kama mti. Alivua kofia, akaegemea kizingiti, akalia naye kama mtoto. Lukelo alibaki kwenye kiti cha rafiki yake, kofia ya rafiki yake imemfunika macho, asiweze kusema utani wowote.

Walilia muda mrefu. Picha ilikuwa inaendelea yenyewe, haina mtazamaji. Vilio vikapungua vikawa kwikwi, na Bibi Aurelia akajifuta uso kwa pindo la khanga, akainua macho kwenye televisheni. Yule mtu alikuwa anatembea, bandeji begani, mkoba mkononi.

"He! Huyu kainuka saa ngapi?" akauliza. "Mmeniacha nalia tu, picha inakwenda! Wewe Mhehe, rudisha nyuma."

Lukelo akarudisha nyuma, haraka.

"Kasmiri, usisimame mlangoni, unatuzibia mwanga. Ingia ukae."

Kasmiri akaingia. Alipita mbele ya Kandida, akasimama, akamwekea mkono kichwani, kisha akaketi chini sakafuni pamoja na wanawake.

"Na wewe Kandida, lete huo uji. Koo limenikauka, na huyu mtoto wa kwenye picha hata Kidatu hajafika, seuze Mofu kwa mama yake."

Kandida hakungoja kuupasha moto. Aliuleta kama ulivyokuwa, vuguvugu, umeganda juu. Bibi akashika kikombe kwa mikono yake miwili na kunywa, akapumzika, akanywa tena mpaka kikaonyesha chini. Kandida akakipokea, akakaa karibu na magoti yake. Alitaka kusema asante, alitaka kusema mengi, lakini kilichomtoka ni kile ambacho bibi mwenyewe alikuwa akimwuliza Donati kila siku katika chumba hikihiki.

"Halafu ikawaje, Mama?"

"Halafu," akasema Bibi Aurelia, anaitazama televisheni, "akapanda treni."